Adui Wadogo wa Muhogo na Viazi

Mtu atokaye Mji Mkongwe wa Unguja, akapita Ng'ambo na kushika njia iendayo kusini mashariki, hufika Mwanakwerekwe. Zamani mahali hapa palikuwa mashamba ya nje ya mji. Leo mji umepafikia na kupapita; pana soko kubwa, pana nyumba zilizosongamana, na sauti za magari hazikomi tangu alfajiri. Walakini kilimo hakikutoweka kabisa. Nyuma ya nyumba, kando ya mitaro, na katika kila kiwanja ambacho mwenyewe hajapata fedha za kujengea, utaona matuta ya viazi vitamu na miti ya muhogo.

Basi katika soko hilo twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu jambo moja dogo. Mama mmoja amekuja kununua muhogo. Fungu limepangwa vizuri mbele yake, mihogo mikubwa, ngozi safi, udongo mwekundu ungali mbichi juu yake. Hainunui upesi. Hushika muhogo mmoja, huuvunja ncha, hutazama ndani, kisha huvunja wa pili. Akiona weupe mtupu, hutoa fedha. Akiona doa la rangi ya kahawia, huurudisha na kwenda kwa mwuzaji mwingine. Na mwuzaji hakasiriki, kwani yeye naye akinunua hufanya vivyo hivyo.

Kwa nini mama huyu huuvunja muhogo? Bibi yake hakuwa na haja ya kuvunja. Jibu la swali hili ni habari ndefu, ya zaidi ya miaka 100, na ndani yake mna safari za bahari, mna wadudu wasiofika urefu wa punje ya mchele, mna njaa, na mna akili za watu waliosimama kushindana nao. Habari hiyo ndiyo tutakayoieleza katika kurasa hizi, kwa sababu yeye asiyejua adui yake alitoka wapi hawezi kujua atarudi kwa njia gani.

Kwanza tukumbuke ya kuwa muhogo si mwenyeji wa nchi zetu. Viazi vikuu na majimbi vilitangulia kuliwa pwani hii, na majimbi yalitoka upande wa Asia. Lakini muhogo na kiazi kitamu asili yao ni Amerika. Wareno waliutoa muhogo Brazil wakauleta Afrika katika vyombo vyao, na mwishoni mwa karne ya 18 ulikuwa umekwisha limwa Unguja. Katika karne iliyofuata, ardhi nzuri ya magharibi ya kisiwa ilipandwa mikarafuu na minazi; muhogo ukapandwa palipobaki, chini ya minazi, katika bustani ndogo za watumwa na za wakulima, na hata katika ardhi ya maweni ya mashariki ambayo jembe hugonga jiwe kila hatua. Muhogo haukulalamika. Hauhitaji mbolea nyingi, huvumilia kiangazi, na nzige wakila majani yake huchipua tena.

Tena ulikuwa na fadhila moja ipitayo zote. Mpunga ukiiva lazima uvunwe. Mahindi yakikauka lazima yatiwe ghalani. Bali muhogo ghala yake ni ardhi yenyewe. Mkulima huchimba shina moja leo, mawili wiki ijayo, na mengine huyaacha chini mwaka mzima mpaka siku ya shida. Mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili, Wajapani walipoiteka Burma na mchele wa huko ukakatika, watu wa Unguja, waliozoea kula mchele ulioletwa kwa meli, walitazama tena muhogo, viazi na ndizi. Kwa hiyo tukisema muhogo, hatusemi kitoweo cha futari peke yake. Twasema akiba ya maskini.

Sasa tuwatazame adui.

Katika mwaka 1894 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Otto Warburg, aliandika habari za ugonjwa alioukuta katika muhogo wa milima ya Usambara, ng'ambo ya bahari yetu. Majani yalikuwa yamejikunja, yamepungua ukubwa, yana mabaka ya kijani na njano. Huo ndio ugonjwa tunaouita leo batobato, na hiyo ndiyo habari yake ya kwanza iliyoandikwa. Watu walidhani udongo una kasoro au hewa ni mbaya. Baadaye ilijulikana ya kuwa mpandaji wa ugonjwa huo ni nzi mweupe, mdudu mdogo sana, kiasi cha milimita 1 tu, akaaye chini ya jani akifyonza utomvu. Ukilitikisa jani, huruka kama vumbi la unga, kisha hurudi. Yeye mwenyewe akifyonza hudhuru kidogo. Ubaya wake mkubwa ni kwamba mdomo wake huchukua virusi kutoka mti mgonjwa na kuvitia katika mti mzima.

Huko Usambara pana mahali paitwapo Amani, jina lile lile la mtaa wetu wa Unguja. Wajerumani walijenga pale chuo cha uchunguzi wa mimea mwaka 1902, na Waingereza wakakiendeleza baada ya vita kuu ya kwanza. Hapo alifanya kazi H. H. Storey. Mwaka 1936 alieleza ugonjwa wa pili wa muhogo, mbaya kuliko ule wa kwanza kwa ujanja wake. Batobato huonekana waziwazi katika jani. Hata mtoto wa shule aweza kuonyesha. Lakini ugonjwa huu wa pili, ambao huitwa michirizi ya kahawia, hujificha. Majani ya chini hupata manjano kidogo, na mkulima husema, "Haya ni majani yaliyozeeka." Mti husimama mrefu, wenye afya. Siku ya kuchimba, muhogo ukikatwa, ndani mna madoa makavu ya kahawia kama kizibo cha chupa, na mwingine umeoza wote. Wala ng'ombe hautamani. Hapo wasomaji wamekwisha fahamu kwa nini yule mama wa Mwanakwerekwe huvunja ncha. Naye mchukuzi wa ugonjwa huu ni nzi mweupe yule yule, jambo lililothibitishwa mwaka 2005, karibu miaka 70 baada ya ugonjwa kuelezwa.

Angalieni jinsi ugonjwa huu unavyoinyang'anya akiba ya maskini. Kadiri muhogo unavyokaa ardhini, ndivyo madoa yanavyozidi. Kwa hiyo mkulima huvuna mapema, mihogo ikiwa midogo bado, asije akapoteza yote. Ile ghala isiyo na mlango imeingia mwizi. Mtu aliyezoea kulala usingizi akijua ya kuwa ana chakula chini ya ardhi, sasa hajui kama anacho au hana, mpaka achimbe.

Turudi Amani. Mwaka 1937 Storey na mwenzake Nichols walianza kazi ya kutafuta muhogo usioshindwa na magonjwa haya. Walikusanya aina za muhogo kutoka nchi nyingi wakazipanda, zikaugua karibu zote. Ndipo wakaugeukia mti mwingine wa ukoo ule ule, mpira wa Ceara, ambao Wajerumani waliupanda kwa ajili ya utomvu wake. Mti huu hauna muhogo wa kuliwa, lakini batobato hauushindi kwa urahisi. Wakauchanganya na muhogo kwa mkono, ua kwa ua. Watoto wa kwanza walikuwa na nguvu dhidi ya ugonjwa, ila mizizi yao ilikuwa kama kamba. Wakawachanganya tena na muhogo, kisha tena, mpaka ukapatikana mti wenye nguvu za mpira na chakula cha muhogo. Nichols alifariki mwaka 1951, D. L. Jennings akaishika kazi, nayo ikafungwa mwaka 1957.

Pengine mtu atasema, kazi ya miaka 20 ikafungwa, basi ikapotea. Haikupotea. Kabla ya kufungwa, mbegu za Amani zilipelekwa Nigeria, na kutokana nazo ukachaguliwa mti mmoja uliopewa namba tu, 58308. Katika miaka ya 1970, Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto, iliyoanzishwa Ibadan mwaka 1967, iliutumia mti huo kuzaa mihogo mingi mipya. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilizuka Uganda. Virusi viwili vilikuwa vimeungana vikazaa kirusi cha tatu chenye ukali kuliko wazazi wake, na nzi weupe wakakisambaza wilaya kwa wilaya. Watu waliacha kulima muhogo, na njaa ikaingia mahali muhogo ulipokuwa ndiyo chakula. Mihogo iliyosaidia kuwaokoa ilitoka Ibadan, na nguvu zake zilitoka kwa ule mti uliozaliwa na mbegu za Amani. Mbegu iliondoka Usambara, ikavuka bara zima, ikakaa miaka 30 ugenini, ikarudi Afrika Mashariki siku ya haja. Na aina nyingine ya Amani haikusafiri kamwe: wakulima wa kusini mwa Tanzania waliihifadhi kwa jina la Namikonga, na wa pwani ya Kenya kwa jina la Kaleso, na wataalamu walipochunguza walikuta ni mti mmoja. Ndiyo hiyo inayovumilia michirizi ya kahawia vizuri kuliko nyingi nyingine. Mabwana walikwisha kuondoka. Wakulima ndio waliotunza.

Adui wa tatu alifika kwa kishindo zaidi. Mwaka 1973, karibu na miji ya Kinshasa na Brazzaville, ulionekana mdudu mweupe kama aliyenyunyiziwa unga, aking'ang'ania ncha za muhogo na kuzifyonza mpaka zikafungamana kama ngumi. Majani hudondoka, mti hubaki fimbo. Hapana kisamvu, hapana muhogo, wala hapana mbegu njema ya kupanda mwaka wa pili. Mdudu huyu wa unga ni jike mtupu. Huzaa bila dume, na mmoja tu aliyepachikwa katika kipande cha mti aweza kuanzisha jeshi. Alikuja na miti ya muhogo iliyoletwa kutoka Amerika, na huku hakumkuta adui wake wa asili. Katika miaka ya 1980 alikuwa amekwisha enea nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, na mahali pengine alipunguza mavuno kwa asilimia 80.

Wengine walisema zinyunyiziwe dawa. Lakini shamba la muhogo la mtu maskini halina thamani ya kulipia dawa, na mabara hayanyunyiziwi. Kijana wa Kiswisi, Hans Herren, aliyefanya kazi katika taasisi ile ya Ibadan, aliuliza swali jepesi: kwa nini mdudu huyu hauangamizi muhogo huko kwao Amerika? Lazima yuko anayemla. Wakamtafuta, na mwaka 1981 mdudu wa unga akapatikana Paraguay, naye ameandamana na nyigu mdogo sana, asiyefika milimita 2, ambaye hutaga yai ndani ya mwili wake. Mtoto wa nyigu humla mwenyeji wake kutoka ndani mpaka abaki ganda kavu, kisha hutoka akaenda kutafuta mwingine. Nyigu hao walipelekwa kwanza Uingereza wakachunguzwa, wasije wakaleta madhara mengine, kisha mwaka ule ule wakaachiliwa Nigeria. Baadaye walifugwa kwa maelfu na kuachiliwa nchi baada ya nchi, pengine hata kwa ndege. Walishika kazi wenyewe. Hawakudai mshahara, wala hawakuhitaji kurudishwa kila mwaka. Mdudu wa unga hakutoweka, lakini alirudi kuwa mdudu kama wengine, akaacha kuwa msiba. Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Wazee wetu walisema zamani, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tusiondoke hapa bila kusema neno juu ya viazi vitamu, kwani navyo vina adui wake, fukusi. Huyu ni mdudu mweusi au wa kahawia, mwenye mdomo mrefu, kiasi cha milimita 6, na kwa kumtazama upesi utadhani ni chungu. Jike hutoboa kitundu katika shina karibu na ardhi, au katika kiazi chenyewe, akataga yai na kulifunika. Mtoto huchimba njia ndani. Kiazi kikijeruhiwa hutoa kitu kichungu cha kujikinga, nacho hunuka; ndiyo sababu kiazi chenye fukusi hata kidogo hakiliwi, wala mbuzi hakitaki. Na dawa ya kunyunyizia haimpati, kwa kuwa amejifungia ndani. Majivu na maji ya mwarobaini, ambayo wazee hutumia na ambayo huwasumbua wadudu wengi walioko nje, hayamfikii mtoto wa fukusi aliyekwisha ingia.

Walakini fukusi ana udhaifu mmoja, na mkulima mwenye akili huushika huo. Hawezi kuchimba ardhi. Hukifikia kiazi kwa kupitia nyufa. Kiangazi kikija, udongo hupasuka juu ya tuta, kiazi huchungulia, naye huteremka kama mtu ashukaye ngazi. Mithali yetu isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta yawezekana haikutungwa kwa viazi, lakini hakuna mahali inapofaa kuliko hapa. Mkulima apandishe udongo juu ya tuta mara mbili au tatu kabla ya kiangazi, na avune viazi vikiisha komaa, asiviache vikamngoja fukusi. Mbegu aichukue katika ncha changa za mti, si katika shina la kale karibu na ardhi, maana mayai hukaa katika shina la kale. Akiisha vuna, akusanye viazi vidogo na mashina yaliyosalia, asiyaache shambani. Tena asipande viazi vipya ubavuni mwa viazi vya mwaka jana.

Katika kisiwa cha Cuba wakulima wamefanya zaidi. Wana chungu mdogo mwenye kichwa kikubwa, apendaye kula watoto wa fukusi. Huweka majani ya mgomba au vipande vya shina lake vilivyotiwa utamu mahali chungu walipo wengi, chungu huhamia humo, kisha mkulima huwabeba na kuwatua katika shamba la viazi. Ajabu ni hii: chungu huyo huyo yuko Unguja, na hapa watu wa minazi wamemlaumu. Katika miaka ya baada ya vita kuu ya pili, mtaalamu M. J. Way alichunguza kwa nini nazi changa za Unguja zilianguka. Alikuta mdudu mmoja, jamaa ya kunguni, anayezifyonza, na kitabu cha wataalamu kimempa mdudu huyo jina la Way. Alikuta pia ya kuwa mnazi wenye maji ya moto, wale chungu wekundu washonao majani, una nazi nyingi, kwa sababu maji ya moto humfukuza mdudu yule. Lakini chungu wa kichwa kikubwa hupigana na maji ya moto na kuwafukuza. Hivyo mdudu mmoja ni rafiki katika tuta la viazi na ni adui chini ya mnazi. Twajifunza ya kuwa si vema kuua kila kitambaacho kabla ya kuuliza kazi yake.

Nao muhogo mkavu haukuachwa. Karibu na mwaka 1980, katika nchi ya Tabora, ulionekana mdudu mweusi mdogo atokaye Amerika ya Kati, akitoboa mahindi na makopa ya muhogo mpaka yakawa unga. Kwa nguvu zake watu wakampa jina la gari kubwa la mizigo, wakamwita Scania. Basi muhogo una adui katika jani, katika ncha, katika mzizi, na hata ukiwa umeanikwa na kuwekwa darini.

Na hapa Unguja imekuwaje? Michirizi ya kahawia ilivishika visiwa vyetu kwa nguvu, kwa kuwa ugonjwa huu hupenda pwani, na aina za kale zilizopendwa kwa utamu zilikuwa dhaifu mbele yake. Wataalamu wa Kizimbani, mahali pa utafiti wa kilimo katikati ya kisiwa, wakishirikiana na taasisi ya Ibadan na wakulima wenyewe, walijaribu mihogo mingi shambani, wakaipika na kuionja pia, kwani muhogo usioliwa haufai hata ukiwa mzima. Mwaka 2007 aina nne zilitolewa kwa watu, zikapewa majina ya mahali pa Unguja: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Aina hizi haziambiwi kuwa hazishikwi na ugonjwa kabisa, husemwa zinavumilia. Mti unaovumilia huzaa ingawa adui yupo. Lakini mti huo ukipandwa mwaka baada ya mwaka bila kuchaguliwa, katikati ya miti migonjwa, nao hudhoofika.

Jambo hili sisi tumelijua kwa hasara. Mwaka mmoja tulipanda muhogo katika bustani ya shule. Hatukuwa na mbegu ya kutosha, na rafiki mmoja wa upande wa pili wa kisiwa akatupa mzigo wa miti mirefu, minene, ya kupendeza macho. Hatukuuliza imetoka shamba gani, wala hatukutazama majani ya chini, wala hatukuomba tuone muhogo wake umekatwa. Tulishukuru tukapanda. Miti ikasitawi kuliko yote ya jirani, nasi tukajisifu. Majirani wakaja kuomba mbegu, tukawapa kwa ukarimu. Siku ya kuvuna, mbele ya watoto, tulipasua muhogo wa kwanza ukawa na madoa, wa pili ukawa umeoza, na wa tatu hali kadhalika. Hasara yetu ilikuwa ya bustani moja. Ila hasara ya majirani ilikuwa ya chakula cha nyumba zao, nayo ilitoka mikononi mwetu. Ilitupasa kwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia, "Ng'oeni, tumewapa maradhi." Hatujasahau nyuso zao. Mzee mmoja alitujibu kwa upole, "Waalimu, kikulacho ki nguoni mwako," akachukua jembe lake.

Maneno yale ndiyo kiini cha habari hii yote. Nzi mweupe huruka, lakini mwendo wake ni mfupi ukilinganishwa na wa binadamu. Anayeuvusha ugonjwa kutoka kijiji hata kijiji, na kutoka kisiwa hata kisiwa, ni sisi, tukibeba mafungu ya mbegu juu ya baiskeli na katika madau. Mdudu wa unga hakuogelea bahari ya Atlantiki, alibebwa. Scania hakuja kwa mbawa zake kutoka Amerika. Alipakiwa pamoja na nafaka. Na kama maradhi hubebwa kwa mkono wa mtu, basi mkono huo huo waweza kuyazuia.

Kwa hiyo twawaomba ndugu wasomaji mambo machache, yasiyo na gharama ya fedha. Unapochagua mbegu ya muhogo, chagua wakati wa kuvuna, si wakati wa kupanda. Chimba shina, kata muhogo vipande, utazame ndani, na ukiwa mweupe wote ndipo utwae mti wake. Mti wenye batobato ungali mdogo, ung'oe uuzike au uuchome, usiuhurumie. Usilete mbegu ya mbali bila kumwuliza bwana shamba. Ukipata aina njema, itenge katika kipande chake, mbali na muhogo wa kale, uitunze kama mtu atunzavyo mbegu ya mpunga. Na ukimpa jirani mbegu, mpe pamoja na habari zake: imetoka wapi, ina miaka mingapi, na ndani yake ulionaje.

Wakulima wale walioihifadhi Namikonga hawakujua namba yake wala kitabu kilichoiandika. Waliona ya kuwa mti huu hauozi, wakaupanda tena, wakawapa watoto wao. Kwa macho yao hayo waliokoa kazi ya miaka 20 ya Amani, ambayo wenyewe waliifunga. Macho ya namna hiyo yangali yapo. Twayaona kila asubuhi katika soko la Mwanakwerekwe, mama anaposhika muhogo, akauvunja ncha, akatazama ndani kabla ya kutoa fedha. Afanyavyo yeye kwa chakula cha siku moja, nasi na tufanye hivyo hivyo kwa mbegu ya mwaka mzima.